Vitabu Vitatu na Mkono wa Kutia Chumvi

Mwanne binti Dadi alikuwa mtu wa hasira, na pale Newala hakuna aliyeona haya kulisema, hata mbele yake. Waume wawili walikuwa wamemwacha, na mara zote mbili alikuwa amekwisha funga mizigo yake kabla mume hajamaliza kutamka talaka. Alikaanga maandazi kando ya soko, katika kibanda cha nyasi kilichojaa moshi, na mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya mafuta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ukimwambia andazi lako limeungua upande mmoja, alikunyang'anya, akalila mwenyewe mbele yako huku anakutazama. Na kesho yake ulirudi, kwa sababu maandazi kama yale hukuyapata kwa mtu mwingine.

Lakini kilichomkera kuliko vyote kilikuwa mkate wa lori. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza walikuwa wameongezeka watu wa kunywa chai kwa mkate: walimu, wauguzi, makarani wa boma, mafundi wa mabomba ya maji. Mkate wao ulitoka Mtwara, ukapanda hadi uwanda wa juu wa Newala ndani ya lori pamoja na mafuta ya taa na sabuni, ukafika umekauka. Wakati wa mvua ulifika umeota ukungu. Watu wakaukwangua ukungu kwa kisu, wakala, wakashukuru. Mwanne alikuwa akiwatazama hao wanaoshukuru, damu inamchemka. Yeye ana mikono miwili na nguvu za kukanda unga tangu alfajiri, na watu wanalipa fedha yao kwa mkate wenye ndevu! Alichokosa ni tanuri, na mtu wa kumwonyesha namna ya kulitumia.

Kisha tanuri likaja. Fundi mmoja kutoka Ndanda alilijenga kwa matofali nyuma ya nyumba ya klabu ya wanawake, akalitia mlango wa chuma na kufuli. Memsahibu, mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, aliwakusanya wanawake akawaeleza masharti yake. Wataoka kwa kufuata kitabu. Mkate ukitoka vizuri, mmoja wao atapewa ufunguo wa tanuri, aoke kila siku kwa ajili ya hospitali na shule na maduka. Wakishindwa, tanuri litafungwa na nyumba itageuzwa ghala la boma.

Katika maneno yote yale Mwanne alishika neno moja tu, ufunguo. Hakulitamani lile tanuri. Alilitaka, kama mtu anavyotaka kitu chake kilichochukuliwa na mwingine. "Mama Fatu," wakamwambia wenzake, kwa jina la binti yake aliyeolewa Chiwata, "usijitie hamu mapema." Akawaambia watazame ya kwao.

Aliyefasiri maneno ya Memsahibu alikuwa Mabel, mama yake Marko, mke wa mwalimu wa shule ya misheni. Mabel alizaliwa Masasi, pale Mkomaindo, akasoma kwa wamisionari mpaka Kiingereza kikamkaa vizuri mdomoni. Alivaa viatu hata jikoni. Hakuwa mtu mbaya, na mtoto wako akiugua ndiye wa kwanza kubisha hodi. Alikuwa na tabia moja tu iliyomuudhi Mwanne: kabla ya kucheka, alimtazama kwanza Memsahibu aone kama anacheka.

Na palikuwa na Alfani. Boma halikuwaamini wanawake na gunia la unga wa ngano, basi Alfani karani alipewa kiti, akawekwa mlangoni mwa klabu alinde unga usiibiwe. Hapo alikaa mguu juu ya mguu, sigara mkononi, masikio wazi. Kila alichokisikia mchana ndani ya klabu, jioni kilikuwa kinanywewa kahawa barazani. Mwanne hakuweza kumtazama mtu yule bila kuuma meno. Wanawake wamelima, wamezaa, wamepandisha maji kutoka bondeni vichwani mwao miaka yote kabla ya bomba, leo wamekalishiwa mlinzi kwa ajili ya gunia la unga!

Kitabu cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye picha za rangi. Palikuwa na keki zilizovishwa sukari nyeupe kama bibi arusi, na mikate ya kila umbo, mingine imesukwa kama nywele. Mabel alisoma, wanawake wakapima. Unga, hivi. Hamira, hivi. Sukari kidogo, na maji ya uvuguvugu.

"Chumvi, kijiko kimoja," Mabel akasoma.

Chumba kizima kikanyamaza.

Kule uwandani mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi. Hili si la Wamakonde peke yao. Wayao wanalo, Wamakua wanalo, anayeswali na aliyebatizwa wote wanalo, kwa sababu wamefundishwa unyagoni kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote. Chakula chenye chumvi ya mkono wa namna hiyo humpa mlaji kikohozi kinachomkausha kifua mpaka anakwisha. Kwa hiyo nyumbani mboga huiva bila chumvi, kisha huitwa msichana ambaye hajavunja ungo, au mwanamke mtu mzima aliyekwisha koma kupata siku, atie yeye. Mtaani kwa kina Mwanne aliyeitwa alikuwa mama yake mzazi, Bibi Pili. Bibi huyu aliingia jiko la mtu, akatia chumvi, akaonja, akakosoa, akaondoka bila kuaga.

Mboga haina taabu, chumvi yake huja mwisho. Mkate hautiwi chumvi mwisho. Na wanawake wote wale wamezunguka beseni moja, hawakosi wawili watatu walio katika siku zao. Atie nani? Anayekishika kijiko amejitangaza kwamba yu safi, anayekikwepa amejitangaza kwamba hayuko, na akiitwa mtu kutoka nje aje kutia, ni tangazo lile lile. Wangekuwa peke yao lingekuwa jambo la kicheko kimoja, likaisha. Lakini Alfani alikuwa pale mlangoni, mguu juu ya mguu. Kijiko cha chumvi kikapita mkono hadi mkono kulizunguka beseni, kikarudi kwenye kopo lake kimejaa vile vile.

Donge likaumuka upesi kupita kiasi, likamwagikia nje ya mikebe, halafu tanurini likanywea. Ikatoka mikate iliyobonyea katikati, myeupe usoni, ladha yake kama karatasi. Memsahibu alimega kidogo, akatafuna, akafuta vidole kwa leso.

"Anauliza, mmefuata kitabu?" Mabel akafasiri.

"Tumefuata," wakajibu wote kwa pamoja, macho sakafuni.

Mwanne naye alijibu hivyo, na uongo ule ukamuudhi mpaka jioni.

Memsahibu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alifikiri kosa ni la kitabu, kwamba kile cha kwanza kilikuwa kigumu, basi akaleta cha pili. Hiki kiliandikwa kwa wake wa Wazungu wanaokaa nchi za joto, na nusu yake ilieleza namna ya kumgombeza mpishi. Wakakanda tena, kijiko kikazunguka tena, kikarudi kimejaa. Mikate ikabonyea tena. Safari hii Memsahibu hakumeza alichomega. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini, na Mabel akageuka akawafokea wenzake kwa sauti ya juu.

"Kitabu kinasema chumvi! Kijiko kimoja! Ni kitu gani kigumu hapo? Memsahibu anasema labda wanawake wa huku hawawezi kufuata mambo yaliyoandikwa, na mimi nitamjibu nini?"

Mpaka hapo hasira za Mwanne zilikuwa zinatangatanga tu, mara kwa Alfani, mara kwa Memsahibu, mara kwa nafsi yake. Sasa zikapata mwenyewe. Mabel alijua! Alichezwa unyago kama wao, huko huko Masasi, na wamisionari hawakuweza kuifuta chumvi katika kichwa cha mtu. Anajua kwa nini mkate umebonyea, na amesimama pale na viatu vyake kuwaita wenzake wajinga.

Alimfuata mpaka bombani, akamzibia njia.

"Mama Marko. Nyumbani kwako nani anatia chumvi?"

Mabel akatazama huku na huku. "Taratibu, Mama Fatu."

"Nimekuuliza. Ukiwa katika siku zako, mumeo mwalimu anatiliwa chumvi na nani?"

"Mdogo wangu," Mabel akasema, sauti imekwisha. "Unajua vizuri. Kwa nini unaniuliza?"

"Basi mwambie Memsahibu. Mwambie pale ndani hatuwezi, kwa sababu ametuwekea mwanamume mlangoni."

"Nikimwambia atasema ni ushenzi. Hatasema kwa ubaya, atasema kwa huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mimi nimekula meza moja nao tangu msichana. Kuanzia siku hiyo atanitazama kwa macho mengine."

"Kwa hiyo sisi tuendelee kuitwa wajinga, na wewe uendelee kufasiri."

Mabel alijitwika ndoo yake akaenda, maji yakimwagikia viatu.

Baada ya hapo Memsahibu akatangaza kwamba atawapa nafasi ya mwisho, na kwamba kitabu watakichagua wenyewe. Siku hiyo alipanga vitabu vitatu juu ya meza. Cha picha kilikuwapo, na cha wake wa Wazungu kilikuwapo. Cha tatu kilikuwa kidogo, jalada la kijivu, kurasa zimekunjika pembe. Alikuwa amekitoa chini ya sanduku ili vitimie vitatu. Kiliandikwa zamani kwa wapishi wa merikebu, hakina picha hata moja. Watakachochagua, akasema, ndicho kitakachonunuliwa kwa ajili ya klabu, na ndicho watakachookea mbele ya Bwana Shauri mwenyewe. Mkate ukiharibika siku hiyo, basi, ghala.

Wanawake wakakivamia cha picha. Wakafunua keki zenye maua ya sukari, wakaulizana maua yale yanaliwa au yanatazamwa. Mwanne alisimama, mikono ameikunja kifuani. Hakujua Kiingereza, lakini alijua anachokitafuta.

"Mwalimu," akamwambia Mabel, "tusomee kimoja kimoja. Chumvi inaingia lini?"

Alfani akacheka peke yake mlangoni. "Mama maandazi anataka kujua chumvi inaingia lini!"

Mabel akasoma. Cha kwanza, chumvi na unga pamoja, mwanzoni. Cha pili, hivyo hivyo. Akakifunua kile cha kijivu, akasoma kimoyomoyo, akarudia, kisha akatafsiri polepole.

"Hiki kinasema baharini chumvi hushika maji ikaganda. Kwa hiyo mpishi aiyeyushe mapema kwenye maji, aiweke chupani. Wakati wa kukanda anamimina yale maji tu."

Wanawake wakainua nyuso mmoja mmoja. Hawakuhitaji kuambizana. Chupa ingejazwa nyumbani, na Bibi Pili, bila mtu kujua. Atakayemimina klabuni amemimina maji.

"Hicho," Mwanne akasema.

"Hicho hicho," wakasema wenzake.

Memsahibu akacheka. Hakuwacheka kwa dharau, na hilo ndilo lililozidi kumpandisha Mwanne mori. Alikichukua kitabu kile mikononi mwa Mabel, akawaonyesha lilivyochanika jalada lake, akakirudisha sandukuni, akakipapasa cha picha.

"Anasema hicho ni cha wanaume wa merikebuni, hakina hata keki," Mabel akafasiri. "Anasema amewapa nafasi ya kuchagua, lakini ameona afadhali awachagulie yeye."

Kisa gani basi cha kuwauliza? Mtu anakuuliza unataka nini, unamwambia, anacheka, anakupa anachokitaka yeye, kisha anakaa kungoja umshukuru! Mwanne alimtazama Mabel, ambaye kwa neno moja angeweza kueleza kwa nini wote wamekitaka kile cha kijivu. Mabel alikuwa anapanga viti.

Alifika nyumbani, akapiga teke kuku aliyekuwa mlangoni, akamsimulia mama yake.

"Ningekuwa mimi," Bibi Pili akasema, "ningemtia huyo karani ndani ya tanuri kwanza, ndipo nitie mkate."

"Mama, sitanii."

"Nani anatania? Na mimi nitakufa lini mnipumzishe? Kila jiko Pili, Pili. Sasa mpaka jiko la Mzungu linanitaka na lenyewe halijijui."

Mwanne hakucheka. Siku zake mwenyewe zilikuwa zimeanza asubuhi ile, na siku ya kuokea mbele ya Bwana Shauri ilikuwa kesho yake. Akamwambia mama yake alichoamua. Yeye atakanda, kwa sababu mkono wake ndio uliokuwa bora. Chumvi ataitia Mabel. Mwenye kusoma atie, mbele ya wote, tuone.

"Nitakuja kuangalia," Bibi Pili akasema.

Basi siku ikafika. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, kofia juu ya goti. Alfani alikuwa mahali pake, ila leo alikuwa ameketi wima kidogo kwa ajili ya bwana wake. Mwanne alinawa mpaka kwenye makovu, akaanza kukanda. Mabel alisoma kwenye kitabu cha picha. Unga, hamira, sukari, maji.

"Chumvi, kijiko kimoja."

Kimya kile kile. Mwanne akafuta mikono, akachukua kopo la chumvi, akampa Mabel kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Tutilie wewe, mwalimu. Wewe ndiye mwenye kusoma."

Memsahibu alielewa ishara, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Mabel alichota. Akaunyoosha mkono juu ya beseni, na hapo mkono ukasimama.

Ukasimama kabisa. Kisha ukaanza kutetemeka, na chembe za chumvi zikawa zinadondoka mezani, si ndani ya unga. Mabel akainua macho akamtazama Mwanne, na Mwanne akajua, na kila mwanamke aliyelizunguka beseni lile akajua. Amesoma, amebatizwa, anavaa viatu jikoni, na mkono umekataa.

Mwanne alikuwa ameingoja saa ile. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyapika tangu jana: haya, mwalimu, mfasirie sasa Memsahibu, mwambie kitabu kinasema nini. Yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi. Ndipo akasikia kiti kinalia. Alfani alikuwa ameshusha mguu, amerefusha shingo, anautazama ule mkono wa Mabel. Naye alilelewa na mama wa uwanda ule ule. Alikuwa ameelewa, na alikuwa anatabasamu.

Hasira za Mwanne zikamwacha Mabel pale pale, zikaenda mlangoni. Alikitoa kijiko mkononi mwa mwenzake, akairudisha chumvi koponi.

"Alfani. Toka."

"Unasemaje?"

"Unga haujaibiwa. Toka, ufunge mlango."

Alfani akamtazama Bwana Shauri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha mgeni na hakuelewa lolote, akajiegemeza kitini. "Mimi nimewekwa hapa na boma."

"Hutoki? Vizuri. Basi sikiliza sawasawa, ukawasimulie wenzako wa kahawa, na usikosee hata neno moja."

Akaenda dirishani, akampita Bwana Shauri kama mtungi unavyopitwa, akatoa kichwa nje na kupiga ukelele uliosikika sokoni kote.

"Mama! Mama ee! Njoo utie chumvi! Mimi Mwanne binti Dadi niko katika siku zangu, sitii chumvi chakula cha watu! Njoo unitilie!"

Sokoni wauza muhogo waliacha kunadi, wanunuzi wakaacha kubishana bei. Halafu mwanamke mmoja, hajulikani nani, akapiga kigelegele, kikadakwa na wengine. Mwanamume hawezi kukaa mahali penye maneno kama yale. Alfani aliinuka, uso umemjaa haya ambayo hakuyaomba, akatoka bila kufunga mlango. Bwana Shauri aliuliza kuna nini, na Memsahibu akamgeukia Mabel. Mabel akafasiri kwamba Mwanne anamwita mama yake aje aone mkate.

Bibi Pili aliingia anagombeza. Wanawake wakamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia marahaba ya jumla huku anachungulia beseni.

"Kijiko kimoja, kwa unga wote huu? Nani kasema?"

"Kitabu," wakamjibu.

"Kitabu kimekula wapi?"

Akatia kwa kiganja, mara mbili. Akalionja donge, akatema, akasema Mwanne amezidisha sukari, akaondoka bila kuaga. Mwanne alikanda kwa hasira zote alizokuwa nazo, na donge likapata nguvu, likawa linarudi linapobonyezwa. Tanurini halikunywea. Ikatoka mikate ya kahawia iliyonyanyuka vichwa, harufu yake ikawarudisha watu dirishani. Bwana Shauri alikula vipande viwili bila siagi. Memsahibu aliupiga mkate kwa kucha, akausikiliza, macho yakamng'aa. Akasema anajua sasa, kitabu ndicho kilichokuwa sawa tangu mwanzo, walihitaji tu mtu wa kuwaongoza kwa uvumilivu. Akautoa ufunguo mfukoni, akampa Mabel.

Mwanne alivua kanga iliyokuwa kiunoni, akaikung'uta unga, akaenda zake. Hakumgombeza mtu, na waliomfahamu wakaogopa.

Kesho yake asubuhi Mabel alibisha hodi. Alikuwa na ufunguo mkono mmoja, na mkono mwingine kile kitabu cha kijivu.

"Nimemwomba," akasema. "Nimemwambia nataka kukisoma tu. Tutakitumia hiki, mama yako atatujazia chupa." Akangoja. Mwanne aliendelea kupepea moto. "Mama Fatu, jana kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu nilikuwa mimi."

"Na mimi pia."

"Najua. Mpaka Alfani alijua."

"Ulinisitiri."

"Usijidanganye," Mwanne akasema. "Sikukusitiri wewe. Niliuokoa mkate."

Mabel akauweka ufunguo juu ya kigoda, karibu na mafuta. "Wako huu. Mimi siutaki. Sitamwambia mtu, wewe oka tu."

Hapo ndipo Mwanne alipoinuka. "Hutamwambia mtu! Unanipa tanuri kwa kificho, kama nimeliiba? Chukua ufunguo wako. Utanipa mbele yake, na utamwambia kwa nini mkate ulibonyea, na kwa nini jana haukubonyea. Mdomo huo huo uliotufasiria kwamba hatuwezi, ufasiri na hili. Twende."

"Leo?"

"Maandazi yangu yanaungua. Twende sasa hivi."

Walikwenda, Mabel mbele, Mwanne nyuma yake kama askari na mfungwa. Memsahibu aliwapokea sebuleni, akawaonyesha viti. Mwanne hakukaa. Mabel alisimama katikati ya mkeka, ufunguo umemlowa jasho kiganjani, akaanza kusema, na safari hii hakumtazama Memsahibu usoni kwanza aone anapenda asikie nini. Alisema Kiingereza kirefu. Mwanne hakukielewa, lakini aliona kilipofika. Alilisikia jina la Alfani likipita. Akamwona Memsahibu anakuwa mwekundu, kuanzia shingoni, kupanda, mpaka masikio.

Haikuwa hasira. Mwanne aliijua hasira, na ile haikuwa hasira. Yalikuwa haya, yale yale ya wanawake waliolizunguka beseni macho sakafuni.

Memsahibu aliinua mkono kumzuia Mabel asiendelee. Bwana Shauri alikuwa chumba cha pili, anasikika akigeuza karatasi zake. Memsahibu akainuka, akaenda kwa vidole vya miguu, akaufunga mlango polepole usilie. Akarudi akakaa, na kwa sauti ya chini akamwambia Mabel aendelee.

Mwanne aliutazama mlango ule. Kumbe alijua. Wakati wote ule, mkate unabonyea, wenzake wanaitwa wasioweza, mwanamume amekaa mlangoni na sigara yake, huyu mama alijua kwamba yako maneno ambayo mwanamke huyafungia mlango kwanza.

Akamnyooshea Mabel mkono wenye makovu, kiganja juu.

"Ufunguo," akasema.